Mawese Mekundu ya Mama

Juzi kwenye kituo cha afya hapa Kasongo nilimwomba mama mmoja wa mtaa wetu, aliyekaa karibu yangu kwenye benchi, anishikie mutoto wangu, maana vidole vyangu vimevimba miezi miwili sasa na ninaogopa nitamwangusha. Muuguzi alivibonyeza polepole, akauliza ninapikia mafuta gani.

"Mawese," nikasema. "Ninayaunguza mpaka wekundu unaisha."

"Na yanayobaki?"

"Ninakaangia tena kesho yake."

Mama wa benchi akacheka. "Dada, moshi wako unatufikia mpaka msikitini."

Muuguzi hakucheka. "Mafuta ya kuungua hivyo yanaweza kuongeza uvimbe mwilini. Vipimo iko lazima, lakini pikia mawese mekundu, yasitoe moshi, na ukule samaki."

Mekundu ndiyo mama yangu aliyomimina juu ya sombe, yale majani ya muhogo, kule Kabambare, na nilipoolewa mjini niliyaonea haya, nikajifunza kuyafanya meupe ili wakwe wasiseme nimetoka porini. Wasomaji wenye haya kama yangu mtanielewa. Leo ninatamani sahani moja ya mkono wa mama yangu, kabla hata ya majibu ya vipimo. Lakini kufika kwake ni pikipiki kutwa nzima, na mikono hii haitaweza kumshika mutoto njiani.