Jino la Shimo la Tofali

Harufu ya udongo wa tofali uliolowa hunirudisha kwetu Kibondo. Mwalimu mgeni alitusimulia habari za daktari Mwingereza wa zamani aliyepata jino la mjusi mkubwa kuliko tembo. Wasomi wakambeza, wakasema ni la kifaru. Baadaye wakakiri alisema kweli. Nami nikafukua jiwe kama jino kwenye shimo letu la tofali.

Nilipomsimulia Baba, katekista wa kanisa letu, alilinusa. "Daktari wa kukusanya mifupa? Huyo ni mganga! Nitalitupa mtoni."

Nililia mpaka akanipeleka kwa mwalimu.

"Mzee, hili ni jiwe tu. Niachie."

Baba alimkazia macho. "Kama ni jiwe tu, unalitakia nini? Hata daktari wako alibezwa hivyo hivyo."

Akalitia mfukoni mwake, na tulipofika nyumbani akanirudishia.

Namshukuru Mungu, bado ninalo kando ya Biblia. Sijamwonyesha mtaalamu yeyote.