Skonzi Zisizotajwa Bei

Nilipopita Kebirigo mwaka jana nikienda kumjulia hali shangazi yangu, nilisimama dukani nikanunua mkate. Ulikuwa umekatwa vipande tayari, laini kama pamba, na haukuwa na harufu yoyote. Nilibaki pale barazani nikiunusa hata mwenye duka akaniuliza kama umeharibika. Nilimwambia hapana. Sikujua namna ya kumweleza kwamba nilichokuwa nikikitafuta ni moshi wa mkaa wa miti ya miwati, na jiko la mama yangu asubuhi ya Jumapili.

Labda nawe ulilelewa katika nyumba ya namna ile, penye chai mlimani, migomba nyuma ya nyumba, na fedha iliyoonekana mara moja kwa mwaka kama mgeni wa mbali. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimepata nafasi katika shule ya upili ya bweni. Malipo ya chai yalikuwa yamekwisha kwa karo ya kaka yangu, na baba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alikuwa amejikaza akapata karo ya muhula wa kwanza. Sanduku la bati, blanketi na viatu vilimshinda.

"Angoje mwaka mmoja," alisema. "Shule haikimbii."

Sote tulijua kwamba shule haikimbii, ila wachumba nao hawakawii. Wasichana wawili wa kijiji chetu waliokuwa wamengojeshwa mwaka mmoja, mwaka huo uliisha ng'ombe wa mahari wakiwa wamefungwa uani kwao.

Mama alikuwa amejifunza kuoka katika darasa la akina mama kanisani. Hakuwa na tanuri. Alitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, akaketisha juu yake kopo pana lenye skonzi, akafunika kwa bati, na juu ya bati akapanga makaa. "Moto wa juu uushinde wa chini," alikuwa akisema, na kazi yangu ilikuwa kuulinda ushindi huo kwa kupepea bila kurusha majivu. Tulikuwa Wasabato, kwa hiyo Jumamosi jiko lilibaki baridi; Jumapili, kabla ya ukungu kuondoka mabondeni, unga ulikuwa umeshaumuka. Jioni nyingine alifuma vitambaa vya kufunikia viti, vyeupe, vyenye maua ya pembeni, macho yake yakiwa karibu kabisa na taa ya chemni.

Jumapili ya kwanza alizipanga skonzi ndani ya ekee ya bibi. Ekee ni kile kikapu chetu kipana cha kupakulia ugali wa wimbi, kilichosukwa kwa ufundi hata hakipitishi unga. Alizifunika kwa kitambaa kipya, akanituma nikaziuze kwa majirani. Hakufikiri zaidi ya hapo. Chakula kizuri huwekwa ndani ya ekee. Angekiweka wapi tena?

Jirani yetu wa karibu, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichovuka mto, alifunua kitambaa akapiga kigelegele.

"Njooni mwone! Mama yenu mdogo ametukumbuka! Wewe mtoto, huyu mama yako ananinenepesha aniuze sokoni?"

Nilisimama mlangoni nikiwa na bei mdomoni. Haikutoka. Kwa lugha yetu, mbele ya mwanamke aliyenibeba mgongoni nikiwa mchanga, hapakuwa na maneno ya kumwambia kwamba alichokuwa akikitafuna kinauzwa. Naye, kama ilivyopasa, hakuirudisha ekee tupu. Mahali pa skonzi alizochukua alijaza ndizi mbivu, akaweka juu yake viganja vya wimbi. Nyumba ya pili ilikuwa hivyo hivyo. Nilirudi nyumbani shingo ikiniuma kwa uzito wa baraka, na bila senti moja.

Mama alicheka hadi akajishika ubavu. Kisha akaketi akiziangalia zile ndizi.

"Sanduku la ndizi halijatengenezwa bado," alisema hatimaye.

Bibi, aliyekuwa akichambua mboga karibu na ukuta, hakuinua hata uso. "Ekee haijui bei," alisema. "Wewe umepeleka zawadi, nao wamekujibu kwa zawadi. Nani amekosea hapo?"

Jumapili iliyofuata mama aliomba katoni ya sabuni dukani, akatandika karatasi ndani, akazipanga skonzi humo. Hakunituma kwa majirani. Alinituma Nyamira, kwenye nyumba za makarani, ambako waliishi watu waliotoka pande za ziwani na ambako ilinibidi niseme Kiswahili changu cha darasani. Nilikwenda kwa miguu, katoni kichwani, nikiyakariri maneno kama anayekwenda kwenye mtihani.

Mke wa karani mmoja alitoka mlangoni, akabonyeza skonzi kwa kidole.

"Hizi zina mayai, au mnatuuzia upepo?"

"Zina mayai, mama. Kuku wetu ni mashahidi."

"Kuku wenu wanasema bei gani?"

Nikaitaja. Ilitoka nyepesi, kana kwamba mtu mwingine alikuwa akiongea kwa kinywa changu. Alilalamika, nikapunguza kidogo, akanunua, akaniuliza kama huko kwetu kuna mtu anayejua kufuma. Mpaka leo huwa nawaambia wanafunzi wangu kwamba lugha ya pili ina uhuru wake: ndani yake hakuna aliyekubeba mgongoni.

Ndivyo tulivyoendelea hadi shule zilipokaribia kufunguliwa. Vitambaa vya mama vilienda kukaa juu ya viti vya watu ambao hakuwahi kuwaona. Sanduku lilipatikana, kisha blanketi. Vilibaki viatu.

Wakati huo habari ilikuwa imeshafika kila mahali. Jumapili ya mwisho, jirani yule alikuja jikoni kwetu. Hakupiga kelele tangu njiani kama kawaida yake. Aliingia, akaketi, akaweka sarafu juu ya benchi.

"Nimesikia skonzi zinauzwa," alisema. "Nami nipatie."

"Wewe si wa kununua hapa," mama alisema.

"Kwani fedha yangu ina ukoma? Mtoto anakwenda shule. Chukua, mwenzangu, usinitie aibu."

Niliwaona wakitazamana. Siku nyingine yoyote mama angeisukuma ile sarafu irudi, na kwa miaka yote ya ujirani wao asingewaza kufanya vinginevyo. Alinitazama mimi, miguu yangu mitupu imejaa majivu. Kisha akaipokea kwa mikono miwili, akamfungia jirani skonzi zake kwa karatasi. Jirani alishukuru, akaondoka polepole, mikono yake haijui ibebe vipi kitu kilicholipiwa.

Nilikwenda shule na viatu. Nilisoma, nikafika chuo, nikawa mwalimu. Jirani aliendelea kununua, naye akaanza kuuza ndizi zake kando ya barabara, na mama alipozihitaji alizinunua kwake. Hawakugombana hata siku moja. Walisalimiana vizuri hadi uzee wao. Lakini sikumsikia tena jirani akicheka tangu mtoni kabla ya kufika mlangoni, wala sikumwona mama akikimbia kumpelekea chakula kingali kinafuka moshi.

Mara nyingine hujiuliza kama ingewezekana mama akatae. Najua ningekuwa wapi leo. Kwa hiyo siwezi kutamani kwamba angekataa, na kila niwakumbukapo wawili wale jikoni, ninakuwa tena yule msichana aliyesimama kando ya moto, akiomba kimyakimya, kwa moyo wake wote, mama aichukue ile sarafu.