Barabara Iliyoishia kwa Dalpha

Dalpha Ruckman hakuwa mtu wa kupendeka, wala hakujisumbua kupendwa. Tangu mumewe afe aliuza jamu ya tufaha kando ya barabara, kule milimani West Virginia, na wateja walivutwa na bango moja kubwa la herufi nyekundu. Upepo wa Machi ukaliangusha. Kabla hajalisimamisha, akasikia kwamba Garnet Teter, jirani yake na adui yake tangu shuleni, ameunda kamati na kuomba jimbo liitangaze barabara yao kuwa barabara rasmi ya mandhari, ya kuvutia watalii. Ikishatangazwa, hakuna bango jipya kando yake, na lililoanguka likisimamishwa tena huhesabiwa jipya. Bila bango, nani angesimama kununua jamu?

Mkutano wa hadhara ukafanyika katika ukumbi wa wazima moto. Garnet alikuja na picha za maua. Dalpha alikuja na mdomo wake.

"Mandhari hailiwi, Garnet! Wewe una pensheni, shiba kwa kutazama milima."

"Dalpha, mwenzangu, wageni watakuja..."

"Mwenzako nani? Wageni wako watapiga picha, watakojoa vichakani kwangu, waende zao!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Uso wa Garnet ukaiva. "Na yale magari mabovu uani kwako, nayo ni mandhari?"

"Yanaozea kwangu, kwako yamekuwasha nini?"

Afisa wa jimbo, aliyechoshwa na kelele, akakata shauri: kipande kinachogombewa sheria inaruhusu kiachwe nje. Barabara ya mandhari ingeishia kwenye uzio wa Dalpha. Dalpha akatoka kifua mbele, na kesho yake bango lake likasimama.

Majani ya miti yalipoanza kugeuka rangi, mandhari yenyewe wageni waliyoifuata, magari yakaja kweli, mengi ajabu. Dalpha akapanga chupa mezani, akajifunga aproni safi. Lakini jimbo nalo lilikuwa limesimika kibao chake palepale kwenye uzio: MWISHO WA BARABARA YA MANDHARI. Gari la kwanza likafika, likageuka uani kwake, likarudi lilikotoka. La pili vilevile. Mdomo huponza kichwa. Wa Dalpha uliponza meza nzima ya jamu.

Mwishowe mwanamke mmoja akashusha kioo.

"Samahani mama, huko mbele kuna chochote cha kuona?"

Dalpha akatazama mbele. Akaiona nyumba aliyozaliwa, mitufaha, na kaburi la mumewe kwenye kilima.

"Kuna kwangu," akasema.

Yule mwanamke akatabasamu kwa adabu, akapandisha kioo, akageuza gari.