Jina la Mtu Aliye Hai

Mama mkwe wangu, Pelagia, ukimwambia kitu asichokitaka, anakunyamazia mpaka ugali unapoa. Huyo ndiye niliyemkuta Suguti, kando ya ziwa, nilipoolewa, miaka ile ya foleni, sabuni ya kutafuta kwa tochi na sukari ya kusikia tu.

Mwanawe mkubwa, Burito, alikwenda vita ya Uganda, hakurudi. Wenzake walishuka Bunda kwenye malori, vigelegele juu. Yeye hakuna aliyemwona akifa, wala aliyemwona akiwa hai. Kila alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala ziwani, mama alisimama uani akaangalia majini, akasema, "Bwana, mkumbuke Burito." Basi, hana maneno mengi. Mimi kitandani, nusu nimelala, nilikuwa nasikia sauti yake nikidhani naota. Mara nyingine ndani ya ndoto hiyo nilimwona shemeji nisiyemjua akija kwenye ukungu, anatembea taratibu, viatu mkononi, na hafiki. Nikifumbua macho ni mama tu, anapuliza moto.

Miaka ikaenda. Foleni zikaisha, mitumba ikajaa sokoni Musoma, na mimi na mume wangu Felisian tukapata mtoto wa kiume.

Mtoto akalia. Jamani, alilia! Tulimpeleka Musoma wakampima, hawakuona ugonjwa. Kunyonya hataki, akakonda, shingo ikabaki bua. Kwetu mtoto anapewa jina la marehemu wa ukoo, na akilia bila kunyamaza watu wanasema hajaitwa jina lake. Basi Machage, baba mdogo wa Felisian, akampakata pale uani, akamtajia majina ya marehemu mmoja baada ya mwingine, akamaliza ukoo mzima. Kilio palepale. Machage akamtazama mama. Sote tulijua limebaki jina gani.

"Thubutu!" mama akasema. "Hilo lina mwenyewe. Jina la mtu aliye hai hapewi mtoto. Mnataka kumzika mwanangu kwa mdomo?"

Nilikasirika, sifichi. Mtoto ananiishia mikononi, na yeye anamlinda mtu ambaye hata mimi nimemwona ndotoni tu! Heshima ya mkwe ikanitoka. "Mama, wako unamwombea miaka yote hii. Wangu ataombewa na nani?"

Akaingia ndani akafunga mlango. Tukamsikia akisema na Mungu kwa kilugha, kwa ukali, kama anagombana na jirani, halafu akilia, halafu kimya. Upepo wa ziwani ulikuwa umetulia, hata kuku hawakulia, na mimi nikaona kama uani pale hapakuwa na mtu ila mwanangu na kile kilio chake.

Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Akamchukua mtoto kwa Machage.

"Kama yuko hai, jina halitamuua," akasema. "Na kama amekufa, Mungu hajafa."

Akainama sikioni. "Burito."

Mtoto akanyamaza. Nikampa ziwa, akanyonya. Nikalia mimi sasa, kwa furaha na kwa kumwonea mama huruma. Yeye alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, mikono mapajani. Machage akavua kofia kimyakimya.

"Vaa kofia yako," mama akamkaripia. "Hakuna msiba hapa."

Usiku ule nilijua amekwisha, hataomba tena. Ningekuwa mimi, nisingeomba. Lakini alfajiri, nikiwa kwenye usingizi mwepesi, sauti ikaja vilevile: "Bwana, mkumbuke Burito."

Nikambeba mtoto, nikatoka. Ukungu ulikuwa mzito, ziwa halionekani.

"Mama," nikamuuliza, "sasa unamwombea yupi?"

Akanigeukia na lile jicho lake.

"Wewe Penina, Mungu anachanganyaga watu?"