Keria Niliyoing'oa

Mama alikataa kuhamia mjini, na mimi nilikataa kumwacha afe peke yake. Kati ya ukaidi wake na wangu kulikuwa na barabara ya changarawe, iliyotoka Ujiji, ikashuka bonde la Luiche, kisha ikapanda vilima hadi kijijini kwetu. Mimi ni mwalimu, nafundisha Katubuka. Kengele ya mwisho ikilia nilikuwa na saa chache za mwanga: nimfikie, nimpe dawa, nione amekula, nirudi.

Moyo wake ulikuwa umechoka. Miguu ilimvimba, na macho yalikuwa yamepungua nuru, kwa hiyo alichanganya vidonge vya asubuhi na vya jioni. Jirani yake, mjane aliyemtazama mchana, hakujua kusoma maandishi ya kwenye pakiti. Daktari aliniambia waziwazi, "Akianza kuhema hata akiwa ameketi, msisubiri kesho. Mleteni." Nilimsikia vizuri. Nayaandika haya ili mtu asije akadhani sikuambiwa.

Wiki za mwanzo nilikwenda na bodaboda. Mmoja alinitupa kwenye mteremko wa bonde, mwingine akachoka kunisubiri akaniacha huko huko nirudi kwa miguu. Nikasema basi, nitanunua baiskeli. Shuleni walicheka, mwalimu mzima wa kike na nywele zina mvi. Nikawaacha wacheke, kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyejitolea kunipeleka.

Nyuma ya soko la Mwanga kuna fundi baiskeli, mtu wa makamo kama mimi, mnene, mwenye uso wa kununa hata anapofurahi. Baiskeli zote zinazopita mikononi mwake hutoka zikiwa zimefanana. Mbele huziongezea vyuma viwili vya kushikilia uma wa gurudumu, nyuma hufunga keria pana ya nondo, na tairi huzijaza upepo mpaka ukizigonga zinalia. Kwake baiskeli ni ya kubeba madumu ya mawese, magunia ya mkaa, mihogo. Sikumlaumu, ndiyo kazi ya baiskeli huku kwetu. Lakini mimi sikuwa na mkaa. Nilikuwa na mama.

Tena nilikuwa nimejifunza. Usiku na mchana nilitazama kwenye simu video za watu wanaoendesha baiskeli kwenye changarawe, nchi sijui gani, na nikajiona nimeshahitimu. Nilichagua ya mtumba yenye fremu nyepesi, isiyo na bomba la juu ili nipande na kitenge changu. Nikataka tairi pana zenye meno. Nikataka gia ndogo ya kupandia mlima. Fundi alifunga vyote, pamoja na keria yake ya kawaida. Tulipofika kwenye upepo ndipo tuliposhindana.

"Punguza," nikamwambia.

"Mwalimu, tairi laini ni pancha."

"Punguza, fundi."

Akajaza. Kesho yake changarawe ilinitetemesha mpaka meno yakagongana, na kwenye kona ya bondeni tairi ya mbele ikateleza juu ya kokoto. Nikaanguka, nikachunika kiwiko chote. Niliketi pale chini nikiwa na hasira za kumtafuna mtu, nikaokota kijiti, nikatoa upepo kidogo mbele, kidogo nyuma, mpaka tairi ikakubali kidole gumba. Nilipopanda tena, ikashika njia kama paka. Kilima kilichokuwa kikinishusha nisukume, nilikimaliza nikiwa juu ya kiti.

Siku iliyofuata nilimwendea fundi kifua mbele. Nilikuwa sahihi, na mtu akiwa sahihi mara moja hudhani ameshakuwa sahihi kwa kila kitu. Nikamwambia aitoe na ile keria. Ilikuwa chuma kizito, ikipiga kelele kwenye kila jiwe. Nilitaka kufika haraka.

Akaishika keria kama mtu anayenyang'anywa. "Mwalimu, baiskeli isiyo na keria inakwenda kusalimia tu."

"Na mimi nakwenda kusalimia," nikamjibu.

Akaing'oa. Akaitundika kwenye msumari ukutani, akaniambia nitaichukua nikiihitaji.

Nilikuwa nawahi vizuri, sitasema uongo. Mama alinisikia tangu nje, akatoka akishika ukuta, nikampa shikamoo, naye akaitikia huku mkono wake ukiipapasa baiskeli. Alipapasa usukani, akapapasa kiti, kisha mkono ukaenda nyuma ukakuta hewa.

"Mbona huku hakuna kitu?" akauliza.

"Nimekitoa, Mama. Ni kizito."

"Na mimi utanikalisha wapi?" Akacheka mpaka akakohoa. Baba alikuwa akimchukua kwenye keria kila Jumapili, yeye akiwa amekaa upande na miguu yote kushoto, mimi nikiwa tumboni au mgongoni kwake. Nilicheka naye. Nikafungua mkoba wa mgongoni, nikatoa dagaa na dawa, na jambo lile likapita.

Kisha mvua zikaja. Siku moja ya soko nilikuta kalavati ya bondeni imechukuliwa na maji, limebaki shimo linalopita barabara nzima. Bodaboda zilikuwa zimepangwa ng'ambo hii, madereva wakiwa wamekaa juu ya mawe. Mimi niliibeba baiskeli yangu begani, nikavuka maji ya magotini, nikapanda kilima nikiwaza kwamba kumbe nilikuwa na akili kuwashinda wote.

Nilimkuta mama ameketi kitandani akihema. Mdomo ulikuwa umegeuka rangi. Mjane alikuwa amemshika mgongo, akaniambia alianza hivyo tangu adhuhuri, na simu yangu nilikuwa nimeizima darasani.

Nikamtuma mjane akatafute baiskeli. Huku kwetu mgonjwa huenda hospitali kwenye keria, mmoja anashika usukani, mwingine anamshikilia nyuma, na maji yale ya bondeni wangemvusha bila shida. Mjane alikimbia nyumba hadi nyumba. Baiskeli zote zilikuwa zimeteremsha mawese Mwanga, sokoni. Kijiji kizima ilikuwapo moja tu, yangu.

Nilimweka mama juu ya kiti changu. Kilikuwa kiti chembamba, cha mbio. Alikaa hatua tano akaanza kuteleza, tukamdaka. Tukamweka tena, akateleza tena, na safari hii akaniambia kwa sauti ndogo, "Mwanangu, naumia." Nikaitupa ile baiskeli kwenye mihogo. Nikainama, mjane akamfunga mgongoni kwangu kwa kitenge, kama Mama alivyonifunga mimi utotoni, nikaanza kuteremka kuelekea bodaboda za ng'ambo, mjane akinifuata.

Nina miaka hamsini na mbili. Sikuweza kukimbia. Nilikuwa nasikia pumzi zake sikioni na nilizihesabu, nikamwomba Mungu kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika, nikamtukana fundi, nikamtukana aliyetengeneza kalavati, na mwisho nikajitukana mwenyewe. Kila nilipopumzika nilijua naiba muda wake, na nisipopumzika tungeanguka wote wawili.

Karibu na bonde tulikutana na mwanamume anayerudi kutoka sokoni na madumu matupu. Aliona mara moja. Lakini alisimama kwanza, akavua kofia, akasema, "Shikamoo, Mama," na mama akaitikia, "Marahaba," kwa sauti iliyosikika. Ndilo neno lake la mwisho, alilompa mtu asiyemjua.

Akafungua kamba za mpira, madumu yakabiringika hadi mtaroni, hakuyatazama. Akakunja koti lake akalitandika juu ya keria. Tukamkalisha mama upande, miguu yote kushoto, mimi nikamkumbatia kwa nyuma. "Buhoro, buhoro," akasema yule mtu, akiisukuma polepole kwenye mteremko. Keria haikutikisika. Tulikuwa tunayasikia maji ya kalavati kichwa chake kilipolala begani kwangu, nami nikaendelea kumwambia tunakaribia, tunakaribia, mpaka mjane akanishika mkono.

Yule mtu aliigeuza baiskeli bila kuuliza. Akampandisha mama kilima chote hadi nyumbani.

Baada ya arobaini nilikwenda Mwanga na baiskeli ile ile. Fundi alikuwa amesikia, maana huku habari haina haja ya baiskeli. Alinipa pole, akanipa stuli, akaishusha keria kutoka kwenye msumari akaipangusa kwa kitambaa. Sikumwambia nataka irudishwe, na yeye hakuniuliza nitabeba nini. Alikaza nati moja moja. Alipomaliza alifanya anachofanya kwa kila keria anayoifunga, desturi yake ambayo siku ile ya kwanza sikuisubiri kwa kuwa nilikuwa na haraka. Aliketi juu yake, mwili wake wote ule mnene, akainua miguu.

"Endesha," akasema.

"Fundi, utaivunja."

"Endesha, Mwalimu."

Nikakanyaga. Nilimzungusha nyuma ya soko, tukapita kwa wauza nyanya, tukapita kwa mafundi cherehani, juu ya mawe na mashimo. Tairi zile laini zilibonyea kidogo tu, kisha zikashika. Alikuwa mzito mara mbili ya mama, na baiskeli ilikwenda.