Hisa Iliyouzwa Februari

Siku za Mwingereza, baba yangu aliuza hisa yake ya chama cha wakulima wa kahawa mwezi wa Februari, na mpaka leo nikisikia mtu akisema alikosa akili, damu hunichemka. Kwetu Mbozi, Februari mahindi ya mwaka jana yamekwisha ghalani na mapya bado yana maua. Kila mkulima anajua hilo, na viongozi wa chama walikuwa wakulima.

Hisa ile aliipata kwa kuuza fahali, wakati ghala la chama lilikuwa bado shimo la msingi. Mawe ya msingi huo aliyabeba yeye na wenzake kutoka mtoni.

Tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada: chama kitanunua hisa za wanachama wanaotaka kuuza, kwa bei ileile waliyoingilia, fedha mkononi. Halikusema kwamba kahawa yetu ilikwisha kuuzwa kwa bei nzuri, wala kwamba hisa zikipungua, faida itagawanywa kwa wachache waliobaki. Mama hakuyajua hayo, ila moyo wake ulikataa. Alimsihi baba angoje.

"Mama watoto," baba alimjibu, "watoto hawali karatasi."

Mwenye njaa hana miiko. Alikwenda akauza, akarudi kutoka soko la Vwawa na gunia la mahindi. Tulikula tukashiba, nami nilifurahi sana.

Aprili faida ikagawanywa. Mwenyekiti, ambaye hakuuza hata hisa moja, aliezeka nyumba yake kwa bati. Natamani kuwaita wezi, lakini hawakumwambia baba neno hata moja la uongo. Walichagua mwezi tu, na kanuni za chama ziliwaruhusu.

Mwaka uliofuata baba alikwenda kwenye mkutano wa chama kama kawaida yake. Mama nami tulikuwa nje ya ghala, tukipika uji wa mkutano. Tulimsikia mwenyekiti akisema kwa upole, "Ndugu zangu, wasio na hisa watupishe."

Waliotoka walikuwa wengi kuliko waliobaki. Baba alitoka wa mwisho, akasimama kando ya ukuta huku akitazama chini kwenye yale mawe. Mama alimchotea uji, akamnyooshea kikombe kwa mikono miwili.

Baba hakukipokea.

"Huo ni wa wenye hisa," alisema, akashika njia ya nyumbani.