Buibui wa Kamukuywa Aliyeandikwa Matisi

Buibui mmoja amenigharimu kuku kumi na wanane wanaotaga na mistari sita ya maharagwe. Nimehesabu mara mbili, maana mara ya kwanza hasira ilinivurugia hesabu.

Mimi huuza kuku mjini Kitale na nimepanga nyumba Matisi. Jirani yangu alikuwa msichana wa chuo kikuu, mtafiti wa buibui. Si wale wa darini. Wake hawafumi utando. Wanawinda kwa miguu kama askari wa kanjo wanaotusaka wachuuzi, na jike hubeba mfuko wa mayai nyuma, kisha watoto mgongoni. Giza likiingia alivaa tochi kichwani akayatafuta macho yao kwenye nyasi. Wapangaji wenzetu wa ploti walisema amerogwa. Mimi nilisema analipa kodi kwa wakati, mwacheni.

Krismasi moja nikamkaribisha kwetu Kamukuywa. Hata chai hakumaliza. Kando ya maharagwe aliona buibui mwekundu-mwekundu, akapiga magoti na nguo ya kanisa.

“Anti, huyu simjui.”

“Na yeye hakujui. Ingia ule.”

Alirudi Matisi na jike mmoja, akamtazama kwenye hadubini, akamlinganisha na wote waliokwisha kuandikwa. Hakufanana na yeyote. Lakini alitaka na dume aliyekomaa, kwa sababu kigusio cha dume, kile kijiguu cha karibu na mdomo, humwingia jike wake kama ufunguo kwenye kufuli, na hicho ndicho kitambulisho. Madume walikuwa bado wadogo, na kuku wangu wa pale nyumbani walikuwa wakiwadonoa kama mtama.

“Anti, si uwafungie tu?”

“Kuku wa kienyeji ukimfungia anagoma kutaga. Utanipa nini?”

Nilianzia juu: buibui aitwe jina la mama yangu. Akasema majina huchaguliwa na mwalimu wake. Nikateremka: basi mahali paandikwe. Kamukuywa, Bungoma.

“Hiyo ni lazima, anti. Hata usingeomba.”

Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Bidhaa unayopewa bila kubishana ina tundu mahali.

Niliwauza kuku wote sokoni siku moja; wanunuzi wakanusa haraka yangu, wakaninyonga kwa bei. Madume walipokomaa alichukua wawili, akawatia kwenye chupa za spiriti. Alitafuta wengine Matisi, akatafuta hadi kwenye mashamba ya majirani zetu. Hakuwaona ila kwenye ukanda ule wa mistari sita. Kwa hiyo nikaukataza kulimwa. Ndugu yangu mdogo, anayelima shamba la mama, akanuna misimu miwili.

Mwezi uliopita maelezo ya buibui yalichapishwa kwenye jarida la sayansi. Picha safi, kigusio kikubwa kama ndizi. Mahali alipopatikana: Matisi, Kitale.

Matisi! Kwenye mitaro na maji ya sabuni!

Nikampigia simu. Siku hizi anasoma mbali.

“Pole sana, anti. Chupa zote nilizibandika lebo siku moja, pale mezani kwangu. Nyingi zilikuwa za Matisi, na hizo za kwenu zikaingia humo humo.”

“Basi badilisha.”

“Mwalimu anasema ni kosa dogo. Si ni karibu tu?”

“Karibu kwa nani, bana? Buibui ana gari?”

Kosa dogo. Ndugu yangu amelisoma kwenye simu yangu, kwa sauti, mbele ya mama.

“Dada, si hawa ni wa Kitale? Imeandikwa. Hapa ni wageni. Na mgeni siku ya tatu tunampa jembe. Mimi nimewaongezea trekta.”

Trekta inakuja Jumatatu. Mama, aliyenitetea misimu yote miwili, safari hii alichukua ungo akaenda jikoni. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kuwa watu wa sayansi hawaandiki bila kuhakikisha.

Jana jioni nilivaa tochi kichwani pale shambani, kama yule msichana. Macho yaling'aa mistari yote sita kama umande. Nikayahesabu, nikarudia, hesabu ikakataa kwa sababu hawatulii. Jike mmoja alipita mbele ya kiatu changu na watoto mgongoni. Hana habari kwamba anaishi Kitale.

Kuku sidai, waliliwa zamani. Ninadai neno moja lirudishwe mahali pake. Wewe uliyewahi kubishana na kitu kilichochapishwa ukashinda, nishauri kabla ya Jumatatu: nimkabili nani kwanza, mwalimu au dereva wa trekta?